Upepo ni wa wote, lakini ruzuku ina wenyewe

Hapa Lubumbashi, kila mara umeme unapokatika na magrupu yanapoanza kunguruma kwenye avenue, mazungumzo yanarudi palepale: serikali itie pesa. Iwasaidie wanaotaka kujenga mitambo ya maji, ya jua, ya upepo, na giza litaisha. Nimeyasikia maneno hayo ndani ya teksi, kwenye mikutano ya wataalamu, na hata katika chumba chetu cha habari. Hakuna anayeyapinga. Mimi pia siyapingi. Lakini swali la "pesa ngapi" limekula nafasi ya swali lingine ambalo matokeo yake ni mazito zaidi: serikali itatoa msaada wake kwa njia gani?

Njia ndiyo inayochagua watu. Ruzuku hainyeshi kama mvua juu ya kila paa. Ikitolewa kama punguzo la kodi, atakayeichukua ni mwenye kodi kubwa ya kulipa. Ikitolewa kama bei ya uhakika kwa kila kiloati saa, hata mkulima anaweza kwenda benki kuomba mkopo. Ikitolewa kama mkataba wa miaka 20 wenye sahihi ya serikali, watakaokuja ni wale wenye mawakili wa kuusoma.

Mahali pazuri pa kuyaona haya ni kwenye umeme wa upepo. Kongo haina shamba hata moja kubwa la mitambo ya upepo, na katika sehemu kubwa ya nchi yetu upepo ni dhaifu. Utajiri wetu uko kwenye maji na jua. Lakini nchi nyingine zimetumia zaidi ya miaka 40 kujaribu kila aina ya ruzuku juu ya kitu kilekile. Panga la mtambo linazunguka namna moja katika jimbo la Iowa, pwani ya Denmark na kando ya ziwa Turkana. Wenye mtambo ndio wanaotofautiana, na tofauti hiyo haikuletwa na upepo.

Tuanze Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali kuu na jimbo la California zilitoa punguzo la kodi kwa aliyeweka pesa zake katika mitambo ya upepo. Ukijumlisha yote mawili, punguzo lilikaribia nusu ya gharama. Tena lilihesabiwa juu ya pesa iliyotumika kujenga, bila kuangalia umeme uliotoka. Kati ya waliokimbilia huko walikuwa madaktari, madaktari wa meno, mawakili, watu wenye mapato makubwa waliokuwa wakitafuta pa kupunguzia kodi. Vilima vya Altamont na Tehachapi vikajaa mitambo. Mingine ilikuwa mizuri, hasa ile iliyotoka Denmark. Mingine ilikuwa ya ovyo, ikavunjika mapema. Kwa mwekezaji haikuwa msiba: kodi yake ilikwisha kupungua siku mtambo uliposimama. Punguzo la serikali kuu lilipokwisha mwishoni mwa 1985, soko likaanguka na makampuni mengi yakafa nalo.

Wabunge wa Marekani walijifunza nusu ya somo. Mwaka 1992 walipitisha punguzo jipya, safari hii kwa kila kiloati saa inayozalishwa na kuuzwa: senti 1.5 wakati ule, zikipanda pamoja na bei za vitu, kwa miaka 10 ya kwanza ya mtambo. Mtambo uliovunjika haukumlipa mtu tena. Vizuri. Lakini bado lilikuwa punguzo la kodi.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua wakulima 30 walioungana kununua mitambo miwili. Sheria inawaruhusu kupunguza dola laki moja kwenye kodi zao kila mwaka. Ila kodi yao wote pamoja haifiki hata dola elfu ishirini. Zile elfu themanini zinazobaki wazile wapi? Hawawezi kuzipeleka sokoni, na serikali haiwapi pesa mkononi. Chukua sasa benki kubwa inayodaiwa kodi ya mamilioni mengi. Kwake laki moja ni laki moja kamili, mpaka senti ya mwisho. Msaada ni uleule, sheria ni ileile, upepo ni uleule. Mmoja anapata yote na mwingine anapata kipande.

Ndivyo ulivyozaliwa mtindo ambao sasa ni wa kawaida kule. Anayetaka kujenga shamba la upepo anakwenda benki na kusema: weka pesa yako humu, uwe mwenye mradi kwenye karatasi kwa miaka kama 10, chukua punguzo la kodi, kisha utoke uniachie mitambo. JPMorgan na Bank of America zimekuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo. Benki haikuja kwa sababu inapenda upepo. Imekuja kwa sababu ina kodi.

Mtu aliyeyasema haya bila kuzunguka ni tajiri Warren Buffett. Kampuni yake, Berkshire Hathaway, ndiyo mwenye kampuni ya umeme ya MidAmerican iliyojenga mitambo mingi huko Iowa. Mei 2014 mjini Omaha alieleza kwamba punguzo la kodi ndilo sababu pekee ya wao kujenga mashamba ya upepo, na kwamba bila hilo hayana maana kibiashara. Maadui wa upepo walishangilia, wakidai kwamba ameumbua udanganyifu. Mimi naona alitoa somo la bure kwa waandishi wa sheria: akiwaonyesha mlango uliojengwa kwa kipimo chake, mjue ataupita.

Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 2008. Mabenki ya Marekani yalipoingia katika msukosuko, faida zao zilikauka. Asiye na faida hana kodi, na asiye na kodi hahitaji punguzo. Miradi ya upepo ikaanza kukosa wawekezaji, ingawa upepo haukupungua hata kidogo. Februari 2009 serikali ikalazimika kubadili njia: mwenye mradi aliruhusiwa kuchukua pesa taslimu, asilimia 30 ya gharama, badala ya punguzo la kodi. Ujenzi ukaendelea. Fikiria jambo hilo kwa utulivu: nchi tajiri kuliko zote iligundua kwamba idadi ya mitambo yake ya upepo ilikuwa imefungwa kamba kwenye faida za mabenki machache ya New York.

Kuna jeraha la pili. Punguzo hilo lilipewa muda mfupi mfupi, na mara nyingi bunge liliuacha upite kabla ya kuuongeza: 1999, 2001, 2003. Mwaka 2012 Marekani ilijenga karibu megawati 13,000 za upepo, kila mtu akikimbia tarehe ya mwisho. Mwaka uliofuata ilijenga kama 1,000 tu. Nani anaweza kuvumilia mwaka wa namna hiyo? Kampuni kubwa inaweza kukaa ikisubiri. Chama cha wakulima wenye mkopo wa benki hakiwezi. Kwa hiyo hata kigugumizi cha bunge, ambacho hakikuandikwa kama sheria ya kuchuja watu, kilichuja watu.

Mwaka 2022 ndipo sheria ilipopanua mlango: mwenye punguzo akaruhusiwa kumuuzia mwingine kwa pesa taslimu, na miji, vyama vya ushirika na mataifa ya wenyeji asilia, ambao hawalipi kodi ya mapato, wakaruhusiwa kulipwa moja kwa moja na serikali. Ilichukua miaka 30. Na Julai 2025 sheria nyingine ikaanza kuufunga: miradi ya upepo ambayo haitaanza kujengwa kabla ya tarehe 4 Julai 2026 inapaswa kuwa imekamilika kabla ya mwisho wa 2027, la sivyo haipati kitu. Kigugumizi kimerudi.

Ni haki kuongeza kwamba njia hiyo ya mabenki imejenga mitambo mingi sana. Marekani ina zaidi ya megawati 150,000 za upepo, na Iowa inapata zaidi ya nusu ya umeme wake humo. Wakulima wa Iowa wanalipwa kodi ya ardhi kwa kila mtambo unaosimama shambani mwao. Wanapangisha. Faida inakwenda kwa wengine.

Denmark ilianza wakati uleule na ikafika kwingine. Mwaka 1979 serikali yake ilianza kulipa sehemu ya bei ya mtambo, asilimia 30 mwanzoni, kwa watu binafsi walioununua. Ilikuwa pesa, kwa hiyo haikuhitaji uwe na kodi kubwa. Halafu sheria ikaweka masharti ambayo leo mtaalamu yeyote wa fedha angeyaita ya kishamba: mwenye hisa awe mkaaji wa karibu, na hisa zake zisizidi sana umeme anaoutumia nyumbani. Mwalimu, mchungaji, mwenye ng'ombe kumi, wote wakaingia. Kufikia mwaka 2000 hivi, jamaa zaidi ya 100,000 za nchi hiyo ndogo zilikuwa na sehemu yao katika mtambo fulani wa upepo. Bahari iliyo mbele ya Copenhagen ina mitambo 20 ya Middelgrunden, megawati 40, iliyojengwa mwaka 2000. Nusu ilikuwa ya shirika la umeme la mji, na nusu ya ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,500.

Kisha masharti yakalegezwa, bei ya uhakika ikaondolewa, mitambo ikawa mikubwa na ghali, na wenye hisa wadogo wakapungua. Malalamiko ya majirani nayo yakaongezeka. Mwaka 2009 Denmark ikapitisha sheria ya kuwalazimisha wajenzi wawauzie wakaaji wa karibu angalau asilimia 20 ya hisa, ikawa kama mtu anayejaribu kurudisha maziwa ndani ya chupa. Mwaka 2020 sharti hilo likafutwa.

Ujerumani nayo ilifanya jambo jepesi kueleweka. Sheria iliyoanza kazi Januari 1991 iliyalazimisha makampuni ya umeme kununua umeme wa upepo kutoka kwa yeyote, na sheria ya mwaka 2000 ikaweka bei maalumu kwa miaka 20. Ukienda benki ya akiba ya kijijini ukiwa na karatasi inayosema umeme wako utanunuliwa kwa bei hii mpaka mwanao amalize chuo, benki inakukopesha. Hiyo ndiyo siri yote. Kufikia 2010, karibu nusu ya uwezo wa umeme mpya usiochafua hewa nchini humo ilikuwa mikononi mwa watu binafsi na wakulima, wakati makampuni makubwa manne ya umeme yalikuwa na sehemu ndogo sana. Makampuni hayo yalikuwa yamezoea makaa ya mawe na nyuklia, na faida ya mtambo mmoja shambani haikuwatamanisha. Mkulima ilimtosha.

Njia hiyo ilikuwa na gharama, na tusiifiche: aliyelipa ni kila mtumiaji wa umeme, kwa nyongeza katika faktire yake ya kila mwezi, hata mjane anayekaa katika chumba kimoja cha kupanga asiye na shamba wala hisa. Viwanda vikubwa vilipewa nafuu, yeye hakupewa. Ndiyo maana wengi walipiga kelele, na ndiyo sababu Ujerumani ikaamua mwaka 2017 kuingia katika minada: anayetaka kujenga ataje bei yake, na wa bei ya chini ashinde.

Mnada ni adui wa mdogo. Kabla ya kutaja bei inakubidi uwe umelipia vipimo vya upepo, uchunguzi wa ndege na popo, na kibali. Ukishindwa, pesa hiyo imekwenda. Kampuni yenye miradi 50 inapoteza mmoja na kufidia kwa mwingine; kijiji kina mradi mmoja tu. Wabunge wa Ujerumani walilijua hilo, wakaweka mlango wa pembeni kwa "makampuni ya wananchi": yenye watu wasiopungua 10, wengi wao wakaaji wa eneo hilo. Waliruhusiwa kushiriki mnada bila kibali na wakapewa muda mrefu zaidi wa kujenga.

Mnada wa kwanza ulifanyika Mei 2017. Makampuni ya wananchi yalichukua asilimia 96. Ungedhani vijiji vimeshinda. Ukweli ni kwamba nyuma ya mengi ya makampuni hayo walikuwa wajenzi wakubwa wachache waliokusanya wakulima na wafanyakazi wao, wakafikisha watu kumi, wakaandikisha jina, wakaingia. Bei ilishuka kutoka senti 5.71 za euro mwezi Mei hadi 3.82 mwezi Novemba, kwa sababu asiye na kibali na mwenye miaka zaidi ya minne ya kujenga anaweza kutaja bei ya kesho, akitumaini kwamba mitambo itakuwa rahisi. Miradi mingi haikujengwa. Mwaka 2018 ile nafasi ya kushindana bila kibali ikasimamishwa.

Sisi Wakongomani tunapaswa kuisoma hadithi hiyo mara mbili, kwa sababu tunaijua bila kufika Ujerumani. Nani hapa hajaona koperative ya wachimbaji wadogo wa madini ambayo mwenyekiti wake hajawahi kushika beleshi? Ukiandika "wananchi" kwenye sheria bila kusema nani ana pesa, nani ana kura na nani anapokea faida, umeandika jina la kukodisha.

Sasa tukaribie nyumbani. Kaskazini mwa Kenya, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo 365 ya ziwa Turkana, megawati 310 kwa jumla. Ilipojengwa ulitajwa kuwa uwekezaji mkubwa kuliko wote wa watu binafsi katika historia ya Kenya, zaidi ya euro milioni 600. Serikali haikutoa ruzuku ya pesa mkononi. Ilichotoa ni ahadi: shirika la Kenya Power litanunua umeme kwa miaka 20, kwa bei iliyoandikwa kwa euro, na umeme ukiwa tayari utalipwa hata kama haujapokelewa. Tena serikali ndiyo iliyobeba kazi ya kujenga njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kutoka huko hadi Suswa.

Ahadi ya namna hiyo huvuta nani? Angalia orodha ya wenye hisa wa mwanzo: kampuni za Ulaya za kuanzisha miradi, watengenezaji wa mitambo Vestas, na mifuko ya maendeleo ya Finland, Denmark na Norway. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliwaongoza wakopeshaji, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikawa miongoni mwao. Hao ni watu wanaoweza kungoja miaka tisa, kulipa mawakili wa London na kusoma mkataba wa kurasa mamia. Wafugaji wa Kiturkana, Wasamburu, Warendille na wavuvi wa El Molo hawakuwemo. Wamepata barabara, madarasa na visima kupitia mfuko wa misaada wa kampuni, na hayo si madogo kwa eneo lile. Hisa hawakupata.

Hatari nayo ilikwenda upande ambao mkataba ulielekeza. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012, ikihofu kwamba Kenya ingelipia umeme isiouhitaji. Mitambo ilisimama tayari mwaka 2017. Njia ya umeme haikuwa tayari, na kampuni ya Kihispania iliyokuwa ikiijenga ilifilisika mwaka huohuo. Umeme ulianza kupita Septemba 2018. Katikati ya hapo mapanga yalikaa yakitazama mawingu, na Kenya ikatakiwa kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Wenye hisa walikuwa na kinga. Mlipaji wa faktire wa Nairobi hakuwa nayo.

Na ardhi? Oktoba 2021 mahakama ya ardhi na mazingira ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria. Mradi mwingine, wa Kinangop, wa megawati 60 hivi, uliachwa mwaka 2016 kabla ya kuzaa umeme, baada ya maandamano ya wakaaji juu ya mashamba yao. Sidai kwamba hisa chache zingemaliza ugomvi wote wa ardhi. Lakini mtu anayepokea faida ya mtambo husikia kelele zake kwa sikio tofauti. Denmark iliona hilo kwanza kwa faida, kisha kwa hasara.

Mtu wa Lubumbashi ataniuliza: haya yote yanatuhusu nini, sisi wa Lufira na Inga?

Yanatuhusu kwa sababu tayari tuna ruzuku yetu, ingawa hatuiiti hivyo. Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kuwafungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme. Tangu hapo, nani amewekeza pesa kubwa kwenye mitambo yetu? Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira, lililokuwa limechoka, lilifufuliwa mwaka 2021, mitambo 6 yenye megawati 78, kwa pesa za mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula. Mgodi huohuo umegharimia mtambo nambari 5 wa Inga 2, megawati 178. Makampuni ya Glencore hapa Katanga yalitangulia kwa mpango unaofanana. Na namna SNEL inavyowarudishia deni ni hii: makato kwenye faktire zao za umeme za kila mwezi.

Rudi sasa kwa wale wakulima 30 wa mfano wetu. Marekani ilisema: tutakulipa kwa kukukata kodi, na aliyeweza kuja ni mwenye kodi kubwa. Sisi tumesema: tutakulipa kwa kukukata faktire, na anayeweza kuja ni mwenye faktire kubwa. Katika nchi hii faktire kubwa ni ya mgodi. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba umeme wa Kongo ujengwe na wenye shaba na kobalti. Njia ya malipo iliamua yenyewe. Na anayejenga kwa namna hiyo anataka umeme umfikie kwanza yeye. Simlaumu. Alilipa.

Nafuu za kodi na forodha ambazo serikali ilizitoa mwaka 2018 kwa umeme zina kipimo kilekile. Anayeagiza kontena za mashini kutoka China au Ulaya, mwenye wakala wake pale Kasumbalesa, anaiona nafuu. Chama cha wamama wenye mashini ya kusaga mahindi wanaonunua paneli nne za jua dukani mjini hawaioni. Ushuru umekwisha kuingia ndani ya bei ya duka, na hakuna dirisha la kwenda kuudai.

Sipendekezi tuige Ujerumani. Bei ya uhakika ya miaka 20 inahitaji shirika linalolipa madeni yake, na kumbebesha mlaji gharama hiyo katika nchi ambako karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme kungekuwa ukatili. Lakini kuna mambo madogo yanayowezekana. Mamlaka ya usimamizi wa sekta ya umeme, ARE, inaweza kudai kila mradi mpya unaopewa nafuu utaje hadharani wenye hisa zake, majina ya watu na si ya makampuni ya visiwani. Inaweza kuweka sehemu ya hisa kwa wakaaji wa eneo, kwa sharti kwamba zilipwe kidogo kidogo kutoka kwenye faida, kwani mtu wa Mwadingusha hana dola elfu za kuweka mezani leo. Na njia ya makato kwenye faktire, ambayo imekwisha kubuniwa na inafanya kazi, inaweza kushushwa mpaka chini.

Hili la mwisho nalitilia mkazo, kwa sababu wawekezaji wa chini tayari wapo. Pita katika mitaa mipya ya miji yetu. Wakaaji wa avenue wanaitana Jumapili baada ya misa, wanachagua mweka hazina, wanachanga franga kidogo kidogo mwaka mzima. Wananunua nguzo. Wananunua nyaya. Wengine wanafika hata kununua kabini nzima, dola maelfu, pesa za vioski, za makala, za mishahara ya walimu. Siku inapowashwa watu wanacheza. Kuanzia hapo kabini ni mali ya mtandao, jirani aliyekataa kuchanga anaunganishwa pamoja na aliyechanga, na faktire ya mwezi inakuja kamili.

Mgodi ukitengeneza mtambo unahesabiwa kuwa mwekezaji, na kila mwezi unakatiwa. Avenue ikinunua kabini, tunasema wakaaji wamejitolea. Mara nyingine nitakapowapata wakubwa wa sekta hii mbele ya mikrofoni sitawauliza Grand Inga itaanza lini. Nitawauliza makato ya walionunua kabini yataanza kwenye faktire ya mwezi gani.